Kitindamimba wa Ngarenaro

Miaka kumi na mitatu nilikuwa mdogo kuliko wote.
Si kwa kupenda. Baada yangu hakuzaliwa mtu
katika nyumba zetu tatu, na mdogo ndiye anayeuliza.
Basi nikauliza nikiwa na meno ya maziwa,
nikauliza sauti ikikatika kama redio yenye betri chovu,
nikauliza na ndevu, shangazi Simha akiziba mdomo kwa leso,
na Babu Saadia, kichwani pa meza, akanijibu
kana kwamba ndiyo kwanza asikie swali hilo duniani.

Mwaka huu akaja Tirza.
Miaka mitano, mtoto wa dada Yokebedi,
na pengo la mbele ambamo Kiebrania kinaponyoka.
Wiki tatu nilimfundisha barazani, masika yakipiga bati,
Meru umejifunika hadi kidevuni,
neno kwa neno, kama mtu anayekabidhi funguo
za nyumba ambayo bado anaipenda.

Usiku uliotangulia tuliwinda chachu
kwa mshumaa na unyoya wa kuku.
Yeye ndiye aliyeona: chembe za andazi
ndani ya mkoba wa chekechea, chini ya kifutio.
Akapiga kelele kama aliyekamata mwizi.
Asubuhi tukazichoma uani, akalia kidogo.
Andazi lilikuwa lake.

Kisha meza. Mikate mikavu ya makaa,
iliyokandwa na kuokwa saa ya ukutani ikituchunga;
mchunga wa soko la Kilombero, mchungu kama jina lake;
tende zilizopondwa na korosho na tangawizi, ziwe udongo wa matofali;
zabibu za Dodoma katika vikombe visivyofanana.
Kiti cha Babu kina mto wake, hakina Babu.
Tulimzika Novemba.

Tirza akapanda juu ya stuli.
Akauliza yote manne, la tatu akalianza mara mbili,
akaketi, akangoja.
Nami nikangoja pamoja naye, kwa mazoea,
mpaka nikaona macho ya meza nzima yamenigeukia.

Hakuna aliyewahi kuniambia
kwamba anayeacha kuuliza
huhamia ng'ambo ya swali.

Nikaanza. Farao, matofali, mto.
Nilisimulia vibaya. Niliwaruka vyura, nikarudi kuwachukua.
Tirza akanitazama, jani la mchunga mkononi,
akauliza ambalo sikumfundisha:
"Mjomba Azaria, kwani ulikuwepo?"

Shangazi akashusha leso.
Mvua ilisita, au mimi niliacha kuisikia.
Mimi, mwanafunzi wa umeme,
nisiyegusa waya kabla ya kuupima,
nikasema, "Nilikuwepo."
"Na mimi?"
"Nilikubeba mgongoni."
"Nilikuwa mzito?"
"Kama debe la mahindi."
Akaridhika. Akatafuna jani lake
bila kukunja uso.

Kipande cha mwisho cha mkate alikificha yeye,
ndiyo haki ya watoto, na bila hicho karamu haifungwi.
Alidai baiskeli. Tukapatana kengele tu.
Kabla hajasema kilipo, akalala,
shavu kwenye mto wa Babu.

Tukatafuta hadi saa saba usiku:
pipa la mchele, viatu vya mvua, nyuma ya friji,
watu wazima kwa magoti chini ya meza,
tukinong'ona, tukicheka, tukikatazana kucheka.
Nilikipata mimi, ndani ya sanduku langu la vifaa,
kati ya bisibisi na tepu nyeusi.
Kilikuwa kimevunjika. Tukagawana.
Kilikuwa na ladha ya grisi.

Hata sasa, juu ya ngazi kule Sakina,
nikifungua sanduku chembe hudondoka,
na fundi mwenzangu Elirehema, aliyeshika ngazi,
hujipangusa bega na kuuliza, "Ni nini hii?"

Naweka bisibisi chini.